Maswali ya wasomaji: Watafiti wanatafuta nini humo msituni?

Toleo lililopita niligusia kazi iliyonilea huku kwenye milima ya Udzungwa: kwanza mpagazi wa watafiti, halafu mpima miti, mwisho karani wa kuingiza takwimu kwenye kompyuta mpaka macho yakaanza kukataa. Sikutegemea barua nyingi hivi. Wengi mna hasira, wachache mna hamu ya kujua, na mmoja anaomba kibali kana kwamba mimi ndiye serikali. Nimejibu zile zinazogusa watu wengi. Za matusi nimezisoma pia, asanteni.

Shikamoo mzee. Mimi ni mkulima wa mpunga. Mke wangu akikutwa mpakani mwa hifadhi na mzigo wa kuni kavu anakamatwa, lakini kila kiangazi naona vijana wanapanda mlimani na mahema na masufuria, wanakaa huko siku nyingi, wanashuka. Miaka nenda rudi. Watu hapa wanasema ni madini. Tuambie ukweli. (Mkulima, Mang'ula)

Marahaba, jirani. Madini tuyatoe njiani kwanza, yanapoteza muda wa watu wazima. Mabegi yale nimeyabeba kwa mgongo wangu. Yanapopanda yana mchele, maharage, dagaa, turubai, betri, utepe wa kupimia na karatasi. Yanaposhuka yana nguo chafu, karatasi zilizolowa na kadi ndogo za kamera. Ukikuta jiwe ndani ya begi la mtafiti ujue ni utani wa wapagazi, maana kijana mpya lazima abebeshwe jiwe safari yake ya kwanza bila kujua. Mimi nililifikisha hadi kambini.

Kazi yenyewe haina siri, ina uchovu tu. Kuna viwanja vya miti vya hekta moja moja. Ndani yake kila mti wenye kipenyo cha sentimeta 10 na kuendelea una kibati chenye namba, na hupimwa unene pale pale, usawa wa kifua, mwaka hadi mwaka. Mti unaweza kuongezeka milimita chache tu. Hizo milimita ndizo zinazotafutwa, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha kama msitu unakua, umesimama, au unakufa taratibu. Kuna njia za kuhesabia kima: mnaingia alfajiri, mnatembea polepole mno, mkiona kundi la mbega wekundu mnasimama, mnaandika saa, umbali na idadi ya walioonekana. Hakuna kuongea, na ukihisi kikohozi unakimeza. Halafu kuna kamera. Katika msitu wa Mwanihana, huo unaouona juu ya paa lako, tangu 2009 kamera zimekuwa zikitegwa sehemu 60 wakati wa kiangazi, kila moja ikikaa siku 30, na mwaka unaofuata zinarudi sehemu zile zile.

Hiyo "miaka nenda rudi" unayoilalamikia ndiyo kazi yenyewe. Hesabu ya mwaka mmoja haisemi kitu. Kusini yetu kuna msitu wa Uzungwa Scarp, ambao kwa miaka mingi ulikuwa msitu wa akiba tu, bila ulinzi wa hifadhi ya taifa. Wahesabuji walipita huko na wakapita Mwanihana kwa utaratibu ule ule. Mwanihana mbega wekundu walibaki wengi. Uzungwa Scarp walipungua vibaya, kwa mitego, bunduki na mapanga. Bila zile hesabu za kuchosha tungebaki kubishana kwa mdomo, huyu anasema wapo, yule anasema wameisha. Baadaye msitu ule ulipandishwa hadhi ukawa hifadhi ya mazingira asilia.

Sasa kuni. Hapo sitakubeza. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilipoanzishwa mwaka 1992, wananchi wa upande huu waliachiwa siku maalumu za kuokota kuni kavu, na mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafungwa. Nilikuwa upande wa watafiti na bado nasema: anayekatazwa kuni ana haki ya kuonyeshwa hesabu. Matokeo mengi yamelala kwenye majarida ya Kiingereza ambayo hata mimi niliyebeba sufuria siwezi kuyafungua bila kulipa. Hili naliona ni deni, na linalipika kwa gharama ndogo. Andikeni barua kupitia serikali ya kijiji kwenda idara ya ujirani mwema ya hifadhi, muombe watafiti waje kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kurasa mbili za Kiswahili. Wale vijana unaowaona wakipanda, wengi ni watoto wenu. Waulizeni hata leo jioni kijiweni, hawajaapishwa kunyamaza.

Babu, shikamoo. Kitabuni tumesoma kwamba kipunji aligunduliwa mwaka 2005. Bibi yangu wa Rungwe anasema walimjua toka zamani. Nani mkweli? (Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mbeya)

Marahaba mjukuu wangu. Wote wawili, ila bibi yako ametangulia.

Mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori walikuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa katika misitu ya Mlima Rungwe, wakiwauliza wanyama wanaowajua. Wawindaji wakamtaja kima mmoja mwenye haya, wakamwita kipunji. Watafiti hawakuwa na uhakika kama ni mnyama au hadithi ya jioni, mpaka walipomwona. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti, lisilojua habari za Rungwe, likamkuta kima huyo huyo hapa kwetu Udzungwa, msitu wa Ndundulu, mbali sana na kwa bibi yako. Wakaunganisha taarifa, na mwaka 2005 zikachapishwa. Mwaka 2006, baada ya kipunji mmoja kunasa kwenye mtego wa mkulima na kufa, mwili wake ukachunguzwa vinasaba, ikaonekana ana undugu wa karibu na nyani kuliko ilivyodhaniwa, akapewa jenasi yake peke yake: Rungwecebus kipunji. Hesabu kamili ya kwanza iliwakuta kama 1,100 tu duniani kote.

Kwa hiyo bibi alikuwa na mtoto nyumbani, watafiti wakampeleka kuandikiwa cheti cha kuzaliwa. Cheti si kitu kidogo. Bila cheti, mnyama haingii kwenye orodha ya walio hatarini, na hakuna sheria inayoweza kumtaja. Lakini aliyemlea anajulikana, na ningependa kitabu chenu kimtaje.

Huku kwetu habari za namna hii ni nyingi, na mimi nazipenda kuliko chai. Mwaka 1979 watafiti wawili walikuwa huku kwa ajili ya mbega wekundu, wakasikia mlio wasioujua. Mwenyeji aliyewaongoza hakushangaa hata kidogo, akasema huyo ni ng'olaga. Kima huyo leo dunia inamwita kwa jina la kijiji cha Sanje, na hapatikani popote nje ya milima hii. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walichungulia sufuria kambini wakaona miguu ya ndege ambayo haikufanana na ya kwale yeyote wanayemjua. Walikuwa na haki ya kushangaa: ndugu zake wa karibu wako Asia! Ndiye kwale wa Udzungwa. Na katika msitu wa Magombera, huku bondeni, mtafiti mmoja alimshtua nyoka, nyoka akatema alichokuwa anakula akakimbia. Kilichotemwa kilikuwa kinyonga ambaye sayansi haikuwa naye. Alitangazwa mwaka 2009 kwa jina la Magombera.

Sange mwenye uso wa kijivu, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, yeye alijipiga picha mwenyewe kwenye kamera ya mtego huko Ndundulu, 2005, akatangazwa 2008. Na mwaka 2025 umetangazwa mti mpya, Tessmannia princeps, wenye urefu wa kufikia mita 40. Fikiria mita 40 za mti, na vitabu havikuwa nao. Miongoni mwa waliouona kwanza na kuandikwa kwenye maelezo yake ni Watanzania wa huku huku, watu wanaotambua mti kwa jani na ganda. Zamani mwenyeji aliishia kwenye mstari wa shukrani ukurasa wa mwisho. Mambo yanabadilika, taratibu.

Mwambie bibi akusimulie kipunji anakula nini na analala wapi. Andika. Si utani, nimeona wenye digrii mbili wakivuka bahari kuja kuuliza maswali hayo hayo.

Mzee, nina aibu lakini nitauliza. Hizo kamera zinazofungwa kwenye miti, zinapiga picha hata watu waliokwenda kujisaidia? (Mama, Sanje)

Zinapiga chochote chenye joto kinachopita mbele yake, mama yangu. Chui, mwindaji, mtafiti aliyesahau kwamba ameitega mwenyewe jana. Nimekaa mbele ya kompyuta nikipitia picha, na naweza kukuthibitishia kwamba picha nyingi ni za majani yaliyotikiswa na upepo, paa, panya buku na matako ya ng'olaga. Hufungwa chini, usawa wa goti hivi, kwenye njia za wanyama ndani ya hifadhi. Kama unajisaidia nje ya hifadhi, huna wasiwasi. Kama ni ndani, basi swali la kwanza utakaloulizwa halitakuwa la picha.

Picha hizi ndizo zilizotuletea minde. Unamjua minde, yule paa mnene mweusi wa milimani? Wazee walimla, lakini picha ya kwanza kabisa ya minde akiwa porini ilipigwa na kamera ya mtego hapa Udzungwa mwaka 2003.

Mimi naishi Mlimba. Umeme unakatika kila mvua ikinyesha, lakini pale Kihansi vyura wanamwagiwa maji kwa mabomba kama bustani ya mkuu wa wilaya. Mamilioni ya fedha kwa chura! Wewe unaona ni sawa? (Fundi cherehani)

Fundi, hasira yako naielewa, ila umemlaumu asiyehusika. Umeme wa Kihansi, megawati 180, hauteremki moja kwa moja mpaka kwenye cherehani yako. Unaingia gridi ya taifa kwanza. Waya unaoanguka Mlimba mvua ikinyesha hauna uhusiano na chura.

Tuanze na chura mwenyewe, kwa sababu wengi mnaomzungumzia hamjamwona. Hana hata sentimeta tatu. Rangi yake ni ya dhahabu iliyochakaa. Hatagi mayai kama vyura wa mpunga, anazaa watoto waliokamilika, wadogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha. Makazi yake duniani yalikuwa hekta kama mbili tu za majani chini ya maporomoko ya Kihansi, mahali ambapo maji yakigonga miamba yalirusha manyunyu usiku na mchana. Ukiondoa manyunyu, umemwondoa.

Alipatikana mwaka 1996. Angalia mwaka huo vizuri, maana hapo ndipo ninapogombana na wakubwa. Ujenzi wa bwawa ulikuwa tayari umeanza. Utafiti ulikuja nyuma ya buldoza, ulipofika ukakuta saruji inakauka. Mitambo ilipowashwa mwaka 2000 maji karibu yote yaligeuzwa kwenda kwenye handaki, maporomoko yakabaki uzi, na manyunyu yakakatika. Ndipo yakaja hayo mabomba unayoyachukia, kujaribu kuiga kazi ambayo mto ulikuwa unaifanya bure. Mwishoni mwa mwaka huo huo vyura 499 wakapakiwa ndege kwenda kwenye bustani za wanyama Marekani.

Mabomba yalisaidia kwa muda, idadi ikapanda tena. Halafu mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, na uchunguzi ukakuta kuvu linaloua vyura sehemu nyingi za dunia. Wapo wanaosema dawa za kilimo kutoka juu nazo zilichangia. Mimi ninachojua ni kwamba mnyama aliyekwisha kudhoofishwa haulizwi amekufa kwa kipi. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Hata kule Marekani walikaribia kwisha kabla walezi wao hawajaelewa wanataka taa gani na chakula gani. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wengine wakaachiwa Kihansi. Wakati huo tayari kulikuwa na sharti la kuosha buti kwa dawa, zisibebe kuvu, kabla ya kuteremka bondeni, na mpagazi mwenye buti chafu anarudishwa hata kama kabeba chakula cha wote.

Umeniuliza kama ni sawa. Naona ingekuwa rahisi mno kumtafuta chura kabla ya kuchora bwawa. Gharama ambayo ingelipiwa wataalamu wachache kwa misimu michache ya mvua na kiangazi ni ndogo sana ukiilinganisha na kilichofuata. Kwa hiyo mamilioni yako, fundi, hayakumwagwa kwa sababu ya chura. Yalimwagwa kwa sababu ya haraka.

Habari mzee. Huku kwetu kila baada ya muda linakuja gari kuchanja mbwa bure, wanasema ni mambo ya simba wa Serengeti. Mbwa wangu na simba wapi na wapi? (Mfugaji, Mugumu)

Mimi Mhehe, na najua watani wangu watasema nini mbwa wakitajwa kwenye ukurasa wangu. Tuendelee.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kuanguka kifafa na kufa. Ulikuwa ugonjwa wa distempa, virusi vya mbwa. Karibu theluthi moja ya simba walikufa, kama 1,000 kati ya 3,000. Hayo yalijulikana kwa uhakika kwa kuwa simba wale walikuwa wakifuatiliwa tangu miaka ya 1960, mmoja mmoja, kwa madoa ya ndevu na mikato ya masikio. Mahali pasipo na daftari la namna hiyo, simba hupotea na watu wakasema labda wamehama.

Mbwa wa vijijini wakashukiwa, chanjo ikaanza. Sasa hapa sayansi ina uungwana wake: uchambuzi wa miaka mingi baadaye ulionyesha kwamba kuchanja mbwa peke yake hakuzuii kabisa distempa kuwafikia simba, virusi vinazunguka pia kwa wanyama wengine wa porini. Lakini chanjo ya kichaa cha mbwa inayotolewa pamoja nayo imepunguza kichaa kwa mbwa, na watu wanaokimbizwa hospitali kwa kuumwa wamepungua. Lengo ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi. Mpeleke wako, hata kama simba humpendi.

Na ninyi wafugaji mna sifa msiyoijua. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Waliochanjwa sotoka ni ng'ombe wenu, ugonjwa ukakosa pa kujificha, ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Nyumbu walipojaa wakala nyasi, moto ukapungua, miti ikaanza kurudi. Yote hayo yalifahamika kwa kuhesabu kutoka angani na kupiga picha sehemu zile zile kwa miongo. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011.

Nilisikia kwamba sokwe wa Gombe waliuawa na magonjwa ya watafiti waliokwenda kuwasoma. Ni kweli au ni maneno ya wavuvi? (Msomaji, Ujiji)

Wavuvi wa Tanganyika wana maneno, lakini hili lina mzizi. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe Julai 1960. Mwaka 1966 polio ilikuwa imezuka kwa watu wa Kigoma, ikawafikia sokwe. Baadhi walikufa, wengine walipooza mikono, na watafiti wakawapa chanjo ndani ya ndizi. Mafua ya kifua nayo yamewaua sokwe Gombe kwa nyakati tofauti. Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe ambako Wajapani wamekuwa wakifuatilia sokwe tangu 1965, mlipuko wa mwaka 2006 uliua kadhaa. Tunafanana nao mno, kikohozi chetu ni ugonjwa wao. Ndiyo sababu mgeni wa Mahale anavaa barakoa, anakaa umbali wa mita 10, na mwenye mafua habebwi na mashua hata kama amelipa dola zake zote.

Ndizi zenyewe nazo zilileta mjadala, kwa sababu sokwe waliokusanyika kula waligombana kuliko kawaida. Zikapunguzwa, mwishowe zikaachwa.

Lakini usiishie hapo. Gombe hiyo hiyo, kwa sampuli za kinyesi zilizookotwa chini ya viota bila kumgusa mnyama, ndiyo iliyoonyesha mwaka 2009 kwamba sokwe wenye virusi vya jamii ya UKIMWI nao huugua na kufa mapema. Kabla ya hapo wengi waliamini haviwadhuru.

Na kuna jambo la Gombe ambalo watu wa Kigoma mnapaswa kulitembea nalo kifua mbele. Mei 1975 waasi waliovuka ziwa kutoka Zaire waliteka wanafunzi wanne wa kigeni kambini. Waliachiwa baadaye, lakini kwa muda mrefu wageni hawakukaa tena kule. Daftari halikukatika hata hivyo. Watanzania waliokuwa wakiitwa wasaidizi waliendelea kufuata sokwe kutoka kiota hadi kiota na kuandika. Mwaka mmoja na ushee kabla ya utekaji, Januari 1974, Hilali Matama ndiye aliyeshuhudia madume wa kundi la Kasakela wakimshambulia Godi wa kundi la Kahama, shambulio la kwanza kuonekana la vita vya sokwe vilivyotikisa wasomi duniani. Watu wa Ujiji wangapi wanalijua jina lake?

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili Morogoro. Nataka kusoma vyura wa Udzungwa kwa miezi mitatu. Naomba unielekeze kupata kibali, au unipe wewe kama inawezekana. (Mwanafunzi, SUA)

Haiwezekani, mwanangu, ila nitakuelekeza.

Chuo chako ndicho pa kuanzia, kwa wanafunzi wa Kitanzania chuo hutoa barua ya utafiti. Mgeni kutoka nje yeye lazima apitie COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kwa kuwa unagusa wanyamapori, andiko lako litapita TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, wakague mbinu zako: utawashika vyura vipi, utawakata kidole au utawapiga picha, utaua wangapi na kwa nini. Jibu hilo la mwisho vizuri, watu huangukia hapo. Kisha TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa, wakuruhusu kuingia hifadhini. Ukitaka kusoma na msitu wa kijiji, barua ya TANAPA haikusaidii kitu, nenda kwa serikali ya kijiji. Sampuli ikitakiwa kuvuka mpaka, hata kipande cha ngozi kwenye kichupa, hiyo ina kibali chake peke yake. Usimpe rafiki wa nje abebe kwenye begi.

Anza mapema kuliko unavyofikiri. Nimeona wanafunzi wakipata kibali cha vyura mvua zikiwa zimekwisha.

Miezi mitatu ni michache, kwa hiyo chagua swali dogo. Usiniambie utasoma "ikolojia ya vyura wa Udzungwa", hiyo ni kazi ya wajukuu zako. Chagua kijito kimoja, au aina moja, au tofauti kati ya kingo mbili. Weka kwenye bajeti askari wa kukusindikiza, tembo wapo hata kwenye miteremko ambayo mtu anapanda kwa mikono. Weka posho ya msaidizi wa hapa na uilipe kila wiki, usimkopeshe umaskini wako. Nunua buti za mpira Ifakara, na uzioshe kwa dawa kabla ya kuja na kabla ya kuondoka. Umesoma jibu la Kihansi hapo juu, unajua kwa nini.

Ukimaliza, kurasa mbili za Kiswahili kwa ofisi ya kijiji. Nimeshamwahidi mkulima wa Mang'ula.

Kijana wangu ana miaka ishirini, hakumaliza sekondari, lakini anajua miti yote kwa Kihehe na hapotei msituni. Kuna kazi? (Baba, Udekwa)

Kuna kazi, si ya mwaka mzima na si ya kutajirisha. Wengi huanzia upagazi, na anayejua miti hapitwi muda mrefu na watafiti, kwa kuwa majina ya Kihehe hupangwa sambamba na ya Kilatini na mtu wa kuyahakikisha hutafutwa kila msimu. Ajifunze kuandika namba zinazosomeka, ajifunze jipiesi, kile kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, siku mbili zinatosha. Mang'ula kuna kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia cha hifadhi. Aende kiangazi kinapokaribia, aombe kuandikwa jina. Asiseme anajua kila kitu, ataulizwa.

Na kama anavuta sigara, aache sasa hivi. Mbega watanusa moshi wake kabla hajawahesabu.